Pikapu Iliyowaka Bila Betri

Sajenti Robi Waisiko alisimama mbele ya zizi la Mama Wegesa akiwatazama ng'ombe kama msimamizi wa mtihani anayetazama darasa ambalo anajua limeibia majibu. Ng'ombe nao wakamtazama. Hakuna aliyekiri.

"Ndio hawa tu, mama?"

"Ndio hawa. Yule mwekundu ana mimba. Huyu mwenye baka ndiye tunayemkamua." Wegesa alisema hayo huku amelipa zizi mgongo, kama mtu anayejizoesha kutokuwa nalo.

Pembeni yao Koplo Nelson alikuwa akipima kwa miguu umbali kutoka langoni mpaka barabarani. Alipima kwa heshima zote za kazi, na alipofika barabarani akasahau amehesabu ngapi.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Juma lililopita wezi waliingia Busawe, wakaswaga ng'ombe watatu wa mjane mmoja na kuvuka nao Mto Mara. Yowe likapigwa, wanaume wakashika nyayo, na kulipokucha nyayo zikawafikisha Nyamwaga, kwenye tuta la udongo lililo mbele ya lango hili. Hapo zikakatika, kana kwamba ng'ombe wameota mbawa. Sheria ya wafuata nyayo haihitaji wakili: zikiishia kwako, ama uoneshe zilikoendelea, ama ulipe. Ezekiel, mwana pekee wa Wegesa, hakuwa na la kuonesha. Polisi walimweka mahabusu, nusu kwa tuhuma na nusu ili asiuawe. Jioni ya leo wazee wangekaa. Wakikuta nyayo bado ziko langoni, zizi hili lingefunguliwa, na Ezekiel angevishwa jina la mwizi, vazi ambalo huku mtu huzikwa nalo.

"Usiku ule ulikuwa wapi?" Robi aliuliza.

"Kewanja, matangani. Nilikuwa na wapishi. Ezekiel alibaki kulinda."

"Na hakusikia kitu."

"Afande, huyo akilala, hata ukimwibia kitanda ataendelea kulala chini."

Nelson alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Na asubuhi?"

"Asubuhi tulipewa mahindi ya uji wa wafiwa tukayasage. Mashine ya karibu na msiba ikawa haiwaki, wakaturudisha. Tukajitwisha, tukaja kusaga huku Nyamwaga. Njiani tukapishana na pikapu ya Vicent Waitara. Nikashangaa."

"Ulishangaa nini? Gari kupita barabarani?"

"Betri yake nilikuwa nimeiacha matangani, inapiga spika. Nilitoka pale nikiiona kwa macho."

Robi aligeuka taratibu. Nelson naye akageuka taratibu, ingawa hakujua wanageukia nini.

"Mama, maneno haya uliwaambia wazee?"

"Niliwaambia. Wakasema mwanamke hajui magari." Wegesa alikwishaanza kujifunga kanga vizuri. "Mnakwenda kwake? Basi nami napanda nyuma. Ng'ombe ni wangu."

Nyumba ya Vicent Waitara pale Kewanja ilikuwa na bati jipya, geti jipya na pikapu mpya, nyeupe, imefungwa vyuma virefu vya kubebea mifugo. Mwenyewe alikuwa mtu wa tabasamu. Alitabasamu kumwona sajenti, akatabasamu kumwona koplo, na alipomwona Wegesa akishuka nyuma akaendelea kutabasamu, ila kwa kazi zaidi.

Kabla viti havijaletwa, Mzee Wangwe akaingia. Wangwe ndiye aliyekuwa kiongozi wa wafuata nyayo, aliyetangulia mbele ya watu usiku ule mpaka kwenye lango la Wegesa. Hakuna aliyemwita. Wazee wa aina yake hufika mahali kama wanavyofika nzi kwenye nyama: huwaoni wakija.

"Shikamoo, mzee," Robi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Naona Serikali imeamka. Endeleeni, mimi nimepita tu." Akakaa kwenye kiti kilicholetwa kwa ajili ya sajenti.

Robi aliendelea akiwa amesimama. "Vicent, usiku wa wizi gari lako lilikuwa wapi?"

"Hapo lilipo, afande. Halikuwa na betri. Betri niliwaazima wafiwa tangu jioni, ikaimba mpaka asubuhi. Waulize."

"Nimepita kwao nikija, nimewauliza. Wote wanaikumbuka. Wengine wanaikumbuka kwa uchungu."

"Basi."

"Asubuhi yake ulikutwa barabara ya Nyamwaga."

"Nilimpeleka mtoto zahanati. Alishikwa na homa. Waulize."

"Wafiwa walilitaja hilo pia, nikapiga simu pale. Alitibiwa, ni kweli. Gari lisilo na betri lilikwendaje zahanati?"

Vicent alimtazama Mzee Wangwe, na wote wawili wakacheka kicheko cha upole, kile ambacho watu wazima huwachekea watoto wanaouliza jua hulala wapi.

"Afande, hiyo ni dizeli. Tuliisukuma, mimi na wadogo zangu, kwenye teremko lile pale. Gia ya pili, unaachia klachi, inawaka. Kurudi hivyo hivyo, nikaipaki mlimani."

"Dizeli haina shida na betri, mwanangu," Wangwe alisaidia. "Petroli ndiyo inataka cheche. Dizeli inajiwasha kwa kubanwa. Mimi lori langu lilikaa bila betri mpaka nikasahau betri hukaa upande gani. Kila asubuhi tunasukuma. Hata huyu mura, kijana wako huyu, anajua." Alimwelekezea Nelson kidole.

"Ni kweli, afande," Nelson alisema. "Kwetu tulikuwa na trekta."

Majirani waliokuwa wamesogea getini nao wakaitikia. Hakukuwa na mwanamume pale asiyewahi kusukuma gari la dizeli.

Hapo ndipo mpelelezi mvivu angefunga jalada na kuomba chai. Lakini majibu ya Vicent yalikuwa yamepangwa kama viatu nje ya bweni siku ya ukaguzi, na Robi alikuwa na sababu nyingine ya kushuku. Kituo chao kilikuwa na gari jipya. Mwezi mmoja nyuma betri yake ilikufa porini, na askari watano wenye afya walilisukuma kutwa nzima bila kupata hata kikohozi.

"Hili umelinunua lini?" aliuliza.

"Mwaka huu, kabla ya mvua."

"Na la kwanza?"

"Nilikuwa na la zamani. Chuma kweli kweli."

"Lile ulilisukuma?"

"Kila siku ya Mungu."

Robi alitikisa kichwa kwa adabu, akaenda pembeni na kupiga simu Tarime mjini.

Fundi Athumani alifika mchana juu ya bodaboda, amekumbatia sanduku jeusi. Hakuwa mtu wa kujidunisha. Alisalimia watu wote kwa pamoja, kama mgeni rasmi, akauliza mgonjwa yuko wapi.

Nelson alimvuta sajenti pembeni. "Afande, huyu duka lake limejaa betri. Na magari kama hili anayafahamu. Angeweza kumwazima Vicent moja."

Lilikuwa wazo zuri kuliko mawazo ya kawaida ya Nelson, na Robi alilitendea haki. "Fundi, kabla hujagusa kitu. Jumanne ya juma lililopita, usiku, ulikuwa wapi?"

"Mugumu. Namwoza binti yangu Ummy. Watu wamekula pilau mpaka wakaomba wafunguliwe mikanda."

"Nani anaweza kuthibitisha?"

"Mugumu nzima. Anza na wale waliobeba nyama nyumbani. Hao nami nawatafuta."

Robi alimpa Nelson simu. Nelson akapiga kwa bwana harusi, akasikiliza kwa muda mrefu, akarudi akiwa amenyong'onyea. "Ni kweli. Ananiambia na mimi niende, kiporo bado kipo."

Kwa hiyo Athumani akafungua sanduku lake, akachomeka waya chini ya usukani, akawasha swichi na kusubiri huku midomo ikichezacheza. Kioo cha sanduku kikatoa alama.

"Haya," alitangaza. "Kompyuta inasema presha ya mafuta ilishuka. Gari likikosa presha halitembei. Mtu huyu hana hatia."

Uso wa Vicent ukang'aa. Mzee Wangwe akaanza kuinuka.

"Ilishuka lini?" Robi aliuliza.

Athumani akatazama kioo. "Lini haijasema."

"Inaweza kuwa juzi?"

"Inaweza kuwa hata kabla halijashuka melini."

"Shahidi asiyejua siku, fundi, hata mahakama ya mwanzo humrudisha kwao. Toa betri."

"Nitoe?"

"Liwe kama lilivyokuwa usiku ule. Halafu wale waliosukuma wasukume tena."

Athumani alifungua mdomo, na macho yake yakaonesha kwamba alikuwa na hotuba. Robi akainua mkono. "Usiseme kitu. Ukisema wewe, litakuwa neno la fundi wa mjini dhidi ya neno la wazee. Nataka gari lijieleze lenyewe."

Betri ikatolewa. Robi aliinama kwenye boneti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akatazama pale betri ilipokuwa imekaa, akapitisha kidole, akakifuta kwenye karatasi safi na kuikunja. Mzee Wangwe alimtazama anavyokunja.

Vicent alichagua teremko mwenyewe, akakaa kwenye usukani mwenyewe. Hilo Robi alilisisitiza. Wadogo zake wawili wakashika nyuma. Pikapu ikateremka, Vicent akaachia klachi, matairi yakalalamika, gari likayumba na kusimama.

"Hawajashiba hawa," Vicent alisema dirishani. "Ongezeni watu."

Wakaongezwa majirani. Pikapu ikateremka kwa kasi zaidi, ikasimama kwa heshima ileile.

"Teremko limekwisha," alisema. "Turudi juu tuanzie mbali."

Basi kuirudisha juu ikawa ni kazi ya taifa. Koplo Nelson alivua kofia ya Serikali, akaikabidhi kwa Wegesa, akaingiza bega. Bodaboda aliyemleta fundi akasukuma. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mkongojo akauweka chini akasukuma, bila kuuliza kesi inahusu nini. Dola na raia walisukuma kwa umoja ambao haujapata kuonekana wilayani hata siku ya mwenge, na pikapu ikashuka kwa kishindo, gia ya pili, klachi, na kimya. Hata moshi haukutoka. Vicent alikuwa akitokwa jasho kuliko waliosukuma.

"Rudisha betri," Robi alisema. "Swichi iwashwe, stata isiguswe. Sukumeni vilevile."

Safari hii wadogo wawili walitosha. Pikapu haikufika hata nusu ya teremko. Ikanguruma, ikawaka, ikatulia kwa sauti nyororo kama paka aliyeshiba.

Watu walitazamana. Yule mwenye mkongojo akauokota, akabaki palepale. Sasa alitaka kujua.

"Fundi," Robi alisema, "hotuba yako."

Athumani aliivaa hotuba kama koti. "Wazee wangu, magari yenu ya zamani pampu yake ilikuwa na akili ya chuma. Injini ikizunguka, pampu inasukuma mafuta, na mafuta yenyewe yanaifungua nozo, ule mdomo wa kuyapulizia ndani, kwa nguvu. Betri ya nini? Hili ni kabila jingine. Pampu inajaza presha kwenye bomba, sawa, lakini nozo zinafunguliwa kwa umeme. Anayetoa ruhusa ni kontroli boksi, lile pale. Linapokea habari za injini, linapiga hesabu, linaiambia nozo hii funguka, ile funga. Likikosa umeme ni sawa na stoo ya shule, mwenye ufunguo kaenda likizo. Chakula kimejaa ndani, nyie mnakufa njaa mlangoni. Msukume mpaka Musoma."

"Na altaneta?" Vicent aliuliza haraka. "Si inazunguka tukisukuma? Si inatoa umeme?"

"Altaneta nayo inaomba umeme kidogo ndipo ianze kutoa wake. Ni kama tajiri: hakukopeshi mpaka akuone na chochote."

Vicent alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Vicent," Robi alisema, "betri yako ilikuwa matangani. Una mashahidi wengi na mimi nawaamini wote. Gari lako lilikuwa barabarani. Huyu mama alikuona, na zahanati wanakukumbuka. Na gari hili bila betri haliwaki. Maana yake usiku ule lilikuwa na betri ya mtu mwingine. Mtu akiazima betri ya pili ili ampeleke mtoto hospitali, anasema wazi. Ni jambo la kusifiwa. Wewe umeificha. Umeificha kwa sababu gani?"

"Sijaficha."

"Iko wapi?"

Macho ya Vicent yalikwenda kwa Mzee Wangwe, yakakaa pale kidogo, yakateremka chini.

"Jua linakwenda," Wangwe alisema, akikung'uta suruali isiyokuwa na vumbi. "Wazee wananisubiri. Mambo ya betri ni ya mafundi. Ng'ombe walipotelea kwa Ezekiel."

Robi alifungua ile karatasi. "Fundi, hii imetoka chini ya betri. Ni nini?"

Athumani alinusa. "Unga. Umeshikana na maji ya betri."

"Ni vumbi tu," Vicent alisema.

"Vumbi la huku ni jekundu," Robi alijibu. "Sisi sote tumelivaa hapa. Hiki ni cheupe. Betri iliyowekwa humu ilitoka mahali panapolala unga." Aliwageukia watu. "Kewanja kuna mashine ngapi za kusaga?"

"Mbili," ikajibu sauti ya mwanamke.

"Zinatumia nini?"

"Moja ya umeme. Nyingine ya dizeli."

"Ya umeme haina betri. Ile ya dizeli, asubuhi ya msiba ilisaga?"

Wanawake walianza kugeukiana. Wegesa, bado ameshika kofia ya koplo kifuani, alisema, "Ndiyo iliyoturudisha. Kijana wa mashine alisukuma mlango kidogo tu, akasema leo haiwaki. Mchana ikawaka."

"Tulirudishwa wote," akasema mwingine, na mwingine, na minong'ono ikazagaa getini kama moto kwenye nyasi kavu. Hakuna aliyetaja mashine ni ya nani. Kijijini kwao hakukuwa na haja.

Robi naye hakumtaja mwenye mashine. Alisogea mpaka mbele ya Mzee Wangwe, akaunganisha mikono kwa adabu aliyofundishwa na bibi yake.

"Mzee, mimi ni mtu wa Serikali, mila mnazijua nyinyi. Nyayo zilikuwa kwenye lango la huyu mama. Zimeondoka pale, juu ya tuta lile zikapanda pikapu, zikafika hapa. Vicent ameshindwa kuonesha zinakoendelea. Lakini unga umeonesha. Je, nyayo zikionekana tena, mila inasemaje?"

Wangwe alitafuta macho ya mtu wa kumsaidia. Wazee waliosimama getini na majirani walikuwa wakitazama ardhi kwa bidii.

"Zinafuatwa," alisema mwishowe.

"Na nani hutangulia?"

"Kiongozi."

"Basi tutangulie, mzee. Sisi tuko nyuma yako."

Nelson alibaki na Vicent. Wengine wote wakatoka getini. Mzee Wangwe alitembea mbele kama alivyotembea usiku ule, mgongo umenyooka, fimbo ikigonga. Kukataa kungekuwa kukiri, na yeye hakuwa amekataa kitu hadharani tangu awe mzee. Walipita duka la vocha. Walipita kanisa. Nyuma yake msafara uliongezeka.

Njia ilipopinda kushoto, kibanda cha mashine kikatokea, mlango wazi, kuta nyeupe kwa unga, na ndani yake injini kuukuu imetulia pembeni ya betri iliyopauka kama mgonjwa. Mzee Wangwe alikitazama kibanda chake mara moja. Kisha akanyoosha shingo akaendelea mbele, akiongeza mwendo, fimbo ikigonga haraka haraka, kama mtu anayeziona nyayo mbali huko zikielekea mtoni.

Alitembea hivyo mpaka akagundua kwamba anaisikia fimbo yake peke yake.

Akageuka. Watu wote walikuwa wamesimama mbele ya kibanda, hakuna hata mmoja aliyevuka mlango ule, na barabara kati yao na yeye ilikuwa tupu. Wegesa alikuwa mbele yao. Aliweka mkono kwenye nguzo ya mlango na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya binti anayemwita baba arudi kuchukua alichosahau:

"Tata, umezipita."